Ratiba ya Juma na Mtoto wa Mikono Mitupu

Kila mwaka, wanachuo waendapo kufanya mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi hupita shuleni kuwatazama. Katika madarasa ya awali aghalabu tunakuta karibu na mlango karatasi kubwa yenye ratiba ya juma, na chini yake mambo ambayo wazazi wanakumbushwa. Karatasi hizo huandikwa kwa mwandiko safi. Hata hivyo, twaona kwamba nyingi zimeandikwa kwa ajili yetu sisi tunaokuja kukagua, wala si kwa ajili ya mtoto.

Katika shule moja tulimkuta mtoto amesimama nje ya mlango. Ilikuwa siku ya kupaka rangi, na wazazi walikuwa wamekumbushwa kuleta kalamu za rangi. Huyu hakuwa nazo. Mwanachuo wetu hakumfukuza. Alimwambia asubiri tu, naye akasubiri mpaka mapumziko. Andalio la somo halikuwa na dosari, nasi tulikwisha kuliandikia alama nzuri kabla ya kumwona mtoto yule. Lawama hiyo inatuhusu sisi pia.

Yafaa ikumbukwe kwamba Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima nchini Tanzania, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada katika ngazi hiyo. Basi mwalimu anayeorodhesha vitu vya kununua kila Jumatatu anamrudishia mzazi ada kwa jina jingine, na anayeilipa ni mtoto.

Tufanyeje? Kwanza, juma liwe na jambo moja linalokua siku hadi siku. Tuchukue mbegu. Jumatatu watoto wapande maharage katika vifuu au makopo. Jumanne watenge mbegu za mahindi, choroko na maharage kwa rangi na ukubwa. Jumatano wazihesabu na kuzipanga makundi makundi. Alhamisi wazipange mchangani zifuate umbo la herufi. Ijumaa wasimulie waliyoyafanya, kila mmoja kwa maneno yake. Kila asubuhi wamwagilie. Chipukizi litakapotokeza, juma linalofuata limekwisha kupata mwanzo wake.

Pili, tumkumbushe mzazi jambo ambalo kila nyumba inaliweza: mtoto alale mapema, anawe mikono, aulizwe jioni amehesabu nini. Tukihitaji vifaa, tuombe vizibo, mabua na makopo matupu, navyo viingie katika kikapu cha darasa zima. Kitu kikishaingia kikapuni, hakina mwenyewe.

Tatu, tusitegemee karatasi peke yake. Wako wazazi wasiosoma, na watoto wengi huja kuchukuliwa na bibi au kaka. Kabla ya kuagana, watoto waseme kwa pamoja jambo moja la kesho, nalo litafika nyumbani kwa vinywa vyao.

Wapo watakaosema kwamba darasa lililotakiwa kuwa na watoto 25 kwa mwalimu mmoja lina watoto mara mbili au tatu ya hao, na kwamba haya ni maneno ya chuoni. Ugumu huo twaujua. Lakini ni katika darasa kubwa hasa ambamo mpango rahisi, unaorudiwa kila juma, humpunguzia mwalimu kelele. Mtoto anayejua kinachofuata hahitaji kuambiwa mara kumi.

Kwa hiyo, mwanachuo, kabla hujabandika karatasi yako ukutani, ipitie siku baada ya siku ukijiuliza: mtoto atakayefika mikono mitupu atafanya nini saa hii? Ukikosa jibu hata kwa siku moja, iandike upya. Nasi tutakapokuja kukutazama, hilo ndilo tutakalouliza kwanza.