Adui mwenye kutoa watu majini

Wapendwa vijana, ninyi wenye baba zenu wanashuka ndani ya mine, munajua kazi ya kufungiwa mahali penye hewa kidogo. Ndivyo walivyoishi Wajerumani wa U-156, masua ya vita yenye kutembea chini ya maji.

Usiku wa tarehe 12 Septemba 1942, kapiteni Werner Hartenstein alizamisha Laconia, masua ya Waingereza, katika Atlantiki. Akasikia vilio vya Kiitaliano: ndani mulikuwa wafungwa karibu 1.800 wa Italia, rafiki za Wajerumani! Akaanza kuwatoa, na Waingereza vilevile, wamama na watoto. Akaita kwa redio, bila kuficha: mwenye kuja kusaidia, sitamupiga. Msamaria? Hapana, Msamaria wa Luka 10 hakumupiga mtu kwanza. Lakini aliwatoa.

Tarehe 16, ndege ya Waamerika ikamutupia mabomu, hata bendera ya msalaba mwekundu ilionekana. Akawarudisha watu majini, akazama. Mkubwa wake Dönitz akakataza kuokoa tena.

Tarehe 8 Machi 1943, karibu na Barbados, ndege ingine ya Waamerika ikaipiga U-156. Kisha ikawatupia wenye kuogelea mtumbwi wa mpira. Watu wote 53 walipotea.