Mlango Usio wa Mtalii

Wanachuo wenzangu, nianze kwa kukiri: Madurai nilinuna. Nilisafiri usiku kucha kwa treni kutoka Chennai, na vijisenti nilivyobana kwenye bumu kwa semista nzima vikaishia kwenye tiketi. Asubuhi nikafika hekalu la Meenakshi, nikavua viatu, nikakabidhi simu maana simu hairuhusiwi ndani, nikaanza kukanyaga mawe yaliyochomwa na jua huku nikirukaruka kama kuku. Nilipofika kwenye mlango wa sehemu ya ndani kabisa, nikakuta kibao: kuanzia hapa ni Wahindu tu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la mteja. Yaani nimetoka Zanzibar mpaka huku kusini mwa India, halafu naishia mlangoni? Mimi nasoma utalii, jamani. Miaka miwili darasani tumefundishwa kwamba mgeni ndiye mfalme.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi za bwawa lililomo ndani ya hekalu, nikiwa sina simu ya kuchezea. Pengine ndiyo maana niliona. Bibi mmoja alikuwa amenyoosha miguu, mjukuu anamkanda. Maharusi wakapita na ukoo mzima nyuma yao. Nje nilikuwa nimewapita wanawake wakifunga asumini kwenye uzi, haraka haraka bila kutazama vidole, nikawakumbuka mama zetu wa Unguja na vikuba vyao. Minara ya hekalu ni 14, wa kusini ukipita mita 50, umejaa sanamu za rangi kutoka chini hadi juu. Sehemu kubwa ya majengo hayo ni kazi ya wafalme wa Nayaka katika karne ya 16 na ya 17. Mitaa ya mji wa kale imelizunguka hekalu, mraba ndani ya mraba. Na kila usiku makuhani humbeba Sundareswarar, yaani Shiva, kwenye machela hadi chumbani kwa mkewe Meenakshi, kama mume anayerudi nyumbani.

Hapo ndipo hasira ikaniisha. Kumbe watu wale hawakuwa maonyesho. Hata kama nisingekuja, machela yangebebwa usiku ule kama kawaida. Mji una shughuli zake, nami nimekaribishwa hadi sebuleni. Chumbani si kwangu. Nani kati yetu humwachia mgeni apite hadi chumbani kwa wazazi wake, eti kwa sababu amelipa nauli?

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi kila mlango uliofungwa ni wa haki. Hekalu hilohilo liliwahi kuwafungia watu wa mji wenyewe. Dalit, waliohesabiwa najisi, na watu wa jamii ya Nadar hawakuruhusiwa kuingia, mpaka tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer alipowaongoza baadhi yao kupita mlango huo. Gandhi alikuwa amekataa kuingia humo hadi wenzake hao waruhusiwe. Aliingia mwaka 1946. Basi tusiishie kuuliza kama mlango umefungwa au uko wazi. Tuulize unamfungia nani, na kwa faida ya nani. Kumzuia mtalii ili mwenyeji asali kwa utulivu ni jambo moja. Kumzuia mwenyeji ni jambo jingine kabisa.

Kutoka Madurai nilipanda basi, nikavuka milima kuelekea Kochi, pwani ya magharibi. Huko nilijihisi nyumbani mara moja: joto la chumvi, kuta zilizokula unyevu, harufu ya viungo, misikiti na makanisa yakisikilizana. Hata mgeni wao maarufu tunamfahamu. Vasco da Gama alipita Malindi mwaka 1498, akapata rubani wa kumvusha hadi Kozhikode, kaskazini ya hapo. Alifia Kochi mwaka 1524 na kuzikwa katika kanisa la Mtakatifu Francis, kabla mabaki yake hayajarudishwa Ureno.

Mattancherry, kitongoji cha jirani, kuna sinagogi la Paradesi, lililojengwa mwaka 1568. Ndani, sakafu ni ya vigae vya Kichina, vyeupe na bluu. Ni pazuri, sikatai. Nililipa, nikaingia, hakuna aliyenizuia popote. Ila waumini hawapo. Wayahudi wa Kochi karibu wote walihamia Israeli baada ya taifa hilo kuundwa mwaka 1948. Tuambizane ukweli: si utalii uliowaondoa. Lakini pale nilijua mahali panavyokuwa wenyewe wakishaondoka. Panabaki tiketi na maduka ya vitu vya kale. Mtaani, nyumba nyingi za Fort Kochi sasa ni za kulaza wageni. Nami nilikuwa nimelala katika mojawapo, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Haya yote nayasema kwa sababu ya nyumba moja iliyopo Mji Mkongwe, Zanzibar. Ni ya marehemu bibi yangu. Ami yangu amepata mtu wa kuikodi miaka mingi aifanye hoteli, na kabla ya safari mimi ndiye niliyempigia debe. Niliandika hadi mpango wa biashara, nikaweka sehemu ya kunywea kahawa juu ya paa na nikalibomoa baraza la nje ili kupata mapokezi. Wazee wanaocheza bao pale kila alasiri sikuwaandika popote. Katika hesabu zangu hawakuwa na safu.

Siwezi kujifanya mtakatifu. Paa linavuja, na wajukuu tuko chuoni tunahitaji ada. Mji usioingiza hela nao huanguka, na sisi wa Mji Mkongwe tumeshaona nyumba zikiporomoka. Kwa hiyo sitasema tusipokee wageni. Ninalosema ni kwamba mpango wowote wa utalii uanze kwa kutaja kile kisichouzwa. Sisi tunaosoma fani hii tumezoea kuanza na idadi ya vitanda.

Chama chetu kinapanga ziara ya mafunzo mwakani. Popote tutakapokwenda, napendekeza tusitosheke na kumuuliza mwenye hoteli anapokea wageni wangapi. Tumuulize na jirani yake: ni wapi hapa ambapo hutaki tufike? Akikosa jibu, tujue mji huo una tatizo.

Kikao cha familia ni mwezi ujao. Nitakwenda na mpango mpya: vyumba vya juu vikodishwe, chini abaki shangazi, na baraza lisiguswe. Ami atasema hesabu haitoshi, na huenda ana haki. Nimeipiga mara tatu, na ni kweli inapungua. Ila safari hii wazee wa bao wamo.