Kabro au zege la nakshi? Kwanza tuulize maji yatapita wapi

Ukipita Nyali, Bamburi, Utange hadi Mtwapa siku hizi, utaona kila anayemaliza nyumba anataka na pale gari linapoingilia papambwe. Wengine hutandaza kabro. Wengine humwaga zege na kulipiga chapa likingali bichi, lifanane na mawe au matofali. Sura yake ni nzuri, sikatai. Sisi watu wa Pwani tumezoea nakshi tangu milango ya Mji wa Kale. Lakini kila mvua za masika zikiingia, malalamiko ni yale yale: zege limepasuka, kabro zimetitia, maji yameingia kwa jirani, na kontrakta hashiki simu.

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja aliyestaafu. Alimlipa kontrakta thuluthi mbili ya pesa kabla hata koleo halijagusa mchanga, kwa sababu ya picha alizoonyeshwa kwenye simu. Zege likamwagwa juu ya udongo usioshindiliwa, jua la saa sita mchana. Mvua ya kwanza ilipokuja, ufa ulitoka getini hadi barazani. Na ule uwanja uliokuwa ukinywa maji sasa huyamwaga yote mlangoni kwa mama mjane wa nyumba ya chini. Watu hawa wawili walikuwa wakipelekeana futari. Leo hata salamu ni ya kulazimishana. Hasara ya pesa itasahaulika, lakini ujirani ukivunjika hauzibiki kwa saruji.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Na mimi nasema uwanja mwema si nakshi. Kinachoubeba ni kile kilicho chini, usichokiona. Kama gari litapita juu yake, ardhi ichimbwe, iwekwe mawe au murram, na ishindiliwe kwa mashine hadi ikaze. Zege lenyewe lisipungue inchi 4 kwa gari dogo. Likatwe viungo kila baada ya mita 3 hivi, kwa sababu zege halina budi kupasuka mahali. Bora lipasuke pale ulipolipangia. Kisha limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau. Kwa joto letu hili, fundi anayejua kazi humwaga alfajiri, maana zege likishakauka juu, ile chapa haishiki tena.

Kabro nazo zina mambo yake. Za milimita 60 zafaa kwa miguu na gari dogo. Likiingia lori la maji au la mchanga, chukua za milimita 80. Zile za kawaida za sentimita 20 kwa 10, mita moja ya mraba huchukua vipande 50. Hesabu hiyo itakusaidia usiuziwe zaidi ya haja yako. Na ukingo wa pembeni lazima ufungwe kwa zege, kama sivyo kabro zitatawanyika kidogo kidogo.

Ukiniuliza mimi, kwa kiwanja kidogo cha mjini nitachagua kabro. Zikiharibika mahali, utang'oa vipande kumi na kuvirudisha. Bomba la maji likipasuka chini, hutavunja uwanja mzima. Zege la nakshi likipasuka, kiraka chake huonekana milele kwa sababu rangi hailingani, na ile dawa ya kung'arisha juu hutaka kurudiwa kila baada ya miaka miwili mitatu. Tena kati ya kabro na kabro maji hupenya kiasi yakarudi ardhini. Kwetu si jambo dogo hilo. Mombasa hutegemea maji ya mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mabomba yakikauka wengi wetu hurudi kwenye kisima. Tukifunika kila shubiri ya ardhi, visima vitalishwa na nini?

Basi swali la kwanza kwa kontrakta lisiwe rangi. Liwe: maji yatapita wapi? Uwanja uteremke kama sentimita 2 kwa kila mita moja, na mwisho wa mteremko kuwe na mtaro au shimo la kunywea maji ndani ya kiwanja chako mwenyewe. Kumwelekezea jirani maji yako ni kumdhuru, na dini imetukataza kudhuru. Na mchanga wa ufuoni usikubali. Chumvi yake hula nyavu za chuma zilizo ndani ya zege.

Swali la pili ni nani unayempa pesa. Kisheria kontrakta hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wamepangwa madaraja kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na jina unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao. Kwa kazi ndogo wengi wetu tutamwita fundi wa mtaani, na si vibaya. Vijana wetu wale pia wanahitaji riziki. Lakini usitosheke na picha. Nenda ukaione kazi aliyoifanya ambayo imeshapitiwa na mvua za mwaka mmoja.

Swali la tatu ni maandishi. Hapa ndipo tunapoangushana. Tunaona haya kumwandikisha mtu tunayeswali naye. Ilhali aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Na mafakihi, kwenye mkataba wa kutengenezewa kitu wanaouita istisnaa, wametaka kazi ielezwe aina na kipimo chake. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni unene, ukubwa, mteremko, bei na siku ya kumaliza. Lipa kwa hatua: vifaa vikifika, chini ikishindiliwa, kazi ikiisha. Bakisha kama asilimia 10 hadi mvua ipige. Mkikosana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza kesi zisizozidi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria imeipa siku 60 kutoa hukumu. Lakini bila karatasi utaonyesha nini?

Haya ya nyumbani ndiyo hayo hayo ya barabara zetu. Kaunti zikitandaza kabro mitaani, sisi hushangilia rangi siku ya ufunguzi, tukalia siku ya mafuriko. Pesa zile ni zetu vile vile. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inamruhusu raia kuiomba afisi ya umma nakala ya kandarasi, na afisi ina siku 21 za kujibu. Mwulizeni mwakilishi wa wadi maswali matatu yale yale: chini kuna nini, maji yatapita wapi, na kandarasi iko wapi? Yaulizwe kabla ya lori la kwanza kumwaga mchanga. Baada ya hapo, kontrakta ameshalipwa na maji yameshaingia ndani.