Ajaokuta: Tanuru Lililosubiri Reli

Mwezi huu nawaombeni tuitembelee kwa fikra nchi ya Nigeria, katika mji wa Ajaokuta ulio kando ya Mto Niger. Hapo pana kiwanda kikubwa cha chuma cha pua kilichokusudiwa kuwa fahari ya Afrika. Habari zake zatuhusu sisi sote tuliotoka katika nchi zenye utajiri chini ya ardhi na dhiki juu yake.

Mwaka 1979, fedha za mafuta zikiwa tele, serikali iliunda shirika la Ajaokuta na kutia saini mkataba na Warusi wa enzi ya Kisovieti. Hatua ya kwanza ilikuwa kutoa tani milioni 1.3 za chuma kwa mwaka. Mwaka 1983 baadhi ya mitambo ya kutengenezea nondo ilizinduliwa, na kufikia mwaka 1994 ilielezwa kuwa ujenzi umekamilika kwa asilimia 98. Lakini tanuru kuu, ambalo ndilo moyo wa kiwanda, halikuwashwa.

Wengi watajibu upesi kuwa sababu ni ufisadi. Hapana shaka fedha zilipotea. Hata hivyo, jibu hilo peke yake halitufundishi kitu. Tanuru la namna hii hula vitu vitatu: mawe ya chuma, mawe ya chokaa, na makaa ya mawe yaliyookwa yakawa koki. Mawe ya chuma yapo Itakpe, si mbali na Ajaokuta. Makaa ya Enugu, kwa upande wake, si ya aina itoayo koki nzuri, hivyo ilibidi makaa yafaayo yaagizwe ng'ambo na kusafirishwa kutoka pwani. Reli ilikuwa ya lazima. Reli ya kutoka Itakpe kupitia Ajaokuta hadi Warri ilianza kujengwa mwaka 1987, ikazinduliwa mwaka 2020. Miaka 33! Ni sawa na kualika watu harusini kabla ya kununua mchele.

Wakati huo huo bei ya mafuta ilianguka, madeni yakaongezeka, na mwaka 1991 dola ya Kisovieti ikasambaratika. Kiwanda kilikabidhiwa kampuni za kigeni mwaka 2003 na 2004. Mkataba ukavunjwa mwaka 2008, na mwaka 2022 serikali ikakubali kulipa dola milioni 496 ili kumaliza mgogoro huo.

Kilichokua ni viwanda vya watu binafsi viyeyushavyo chuma chakavu kwa umeme na kutoa nondo. Vyastahili sifa, kwani vinajenga nyumba za watu. Lakini chakavu kina kikomo, umeme hukatika, na bamba za chuma za kutengenezea magari na mabomba makubwa bado huagizwa nje.

Linalonisikitisha zaidi kama mwalimu ni vijana waliopelekwa Urusi kusomea kazi ya tanuru. Walirudi na elimu yao, wakazeeka nayo, wakastaafu bila kuliona tanuru likiwaka. Mtambo ulioshika kutu waweza kusafishwa; umri wa mhandisi haurudi.

Kwetu Tanzania tunayo Liganga, wilayani Ludewa, yenye chuma, na Mchuchuma yenye makaa ya mawe. Hazina hizo zimejulikana tangu enzi za ukoloni, na matangazo juu yake yamekuwa mengi. Basi, wazazi wenzangu, tutakaposikia tena kuwa kiwanda kinakuja, tusiulize kitafunguliwa lini. Tuulize reli imefika wapi, umeme utatoka wapi, makaa yamepimwa na nani, na vijana watakaosomeshwa watamkuta nani wa kuwapa kazi. Watoto wetu wanaosoma uhandisi huku ugenini wana haki ya kupata majibu hayo kabla ya kufunga mizigo.

Tukijaaliwa, tutaonana mwezi ujao.