Mtoto akitaka rangi za macho, mpe zilizo salama

Jumamosi mchana, nyumba imekuwa kimya kupita kawaida. Mama anaacha vyombo na kwenda chumbani. Binti yake wa miaka saba amekaa mbele ya kioo, jicho moja kijani, jingine bluu. Mdogo wake wa miaka mitatu amefumba macho akisubiri zamu. Mkononi mwa dada kuna kalamu ya rangi ya shuleni.

Wapo wazazi ambao hapo hugomba, wapo wanaocheka na kupiga picha. Lakini mtoto anayegombezwa leo, kesho atajipaka akiwa amejificha, na atatumia chochote kitakachomkaribia. Ni afadhali mzazi akae naye mara moja, wacheze pamoja, na ajue nini kinaingia karibu na jicho lake.

Anza na kilichomo kwenye kopo

Kalamu za rangi, rangi za maji za shuleni na vimetameta vya kadi havikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Kimetameta kimoja kikiingia jichoni kinaweza kukwaruza kioo cha jicho.

Kubwa zaidi ni wanja wa unga, ule unaouzwa kwenye kichupa au kifuko kisicho na maelezo yoyote. Baadhi yake hutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na kwa kuutazama tu huwezi kujua. Mtoto hupikicha macho, kisha huweka vidole mdomoni, na risasi huingia mwilini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo huumia zaidi kwa sababu ubongo wao bado unakua. Madhara yake hugusa uwezo wa kujifunza, utulivu na tabia, na huenda yasirekebishike.

Hii ni habari nzito katika nyumba ambayo bibi amewapaka wanja wajukuu wote tangu wakiwa wachanga, ili wapendeze au wakingwe na kijicho. Bibi alifanya kwa mapenzi, na hapaswi kuaibishwa mbele ya watu. Mwite pembeni umwambie taratibu: "Mama, wanja huu hatujui umetengenezwa na nini. Naomba mtoto tusimpake." Wengi huelewa wakielezwa kwa heshima.

Ukinunua rangi, chagua yenye jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho. Tangu 2019, usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango (TBS). Tazama pia mchoro mdogo wa kopo lililo wazi lenye maandishi kama 6M au 12M: hiyo ni idadi ya miezi ya kutumia tangu siku ulipolifungua. Maskara hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, hata kama haijaisha.

Siku moja kabla, paka rangi kidogo ndani ya mkono wa mtoto. Ikiwasha au kuleta vipele, mchezo na rangi hiyo umeishia hapo.

Rangi tatu zinatosha

Nawe mikono, wote wawili. Kaeni mahali penye mwanga, kamwe si ndani ya gari linalotembea. Mtoto afumbe macho taratibu bila kuyakaza.

Chukua rangi ya njano kwa kidole au brashi safi, pangusa iliyozidi, kisha gusagusa kwenye kope la juu, upande wa puani. Katikati weka rangi ya chungwa au waridi. Mwisho, upande wa sikioni, weka bluu. Pale rangi zinapokutana pitisha brashi kavu kwa wepesi ili zichanganyike kama upinde wa mvua. Ukitaka kipepeo, vuta bluu kidogo kuelekea kwenye paji, kisha weka vitone vitatu vyeupe nje ya jicho. Mtoto wa kiume anayetaka simba, muwekee mistari ya chungwa juu ya nyusi.

Mpaka mmoja usivukwe: rangi isiingie kwenye ukingo wa ndani, pale nywele za kope zinapoota. Hapo kuna vitundu vinavyotoa mafuta ya kulinda jicho, na vikiziba jicho huwasha na kuvimba. Usilainishe rangi kwa mate, kwani mate yana vijidudu.

Kisha mpe mtoto brashi akupake na wewe. Utatoka kituko, lakini ndicho atakachokikumbuka.

Kila mtu na brashi yake

Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa Dar es Salaam na mikoa mingine. Ugonjwa huo hupita kwa mikono, taulo, na pia kwa brashi au wanja mmoja unaozunguka dada, shangazi na jirani. Mwenye macho mekundu asipakwe, na rangi aliyotumia akiwa mgonjwa itupwe.

Kabla ya kulala, rangi yote itoke. Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya mtoto, funga jicho, futa kwa kushuka chini bila kusugua. Kila jicho na pamba yake.

Rangi ikiingia jichoni, mzuie mtoto asipikiche. Mmiminie maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Maumivu yakibaki, jicho likiwa jekundu, likitoa usaha, au mtoto akishindwa kutazama mwanga, mpeleke kituo cha afya. Usimtie maziwa ya mama, chai wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine.

Na pamba ya mwisho ikishatupwa, mshikie mtoto kioo ajitazame. Mwambie amependeza sasa hivi pia, uso ukiwa mtupu na maji yakimchuruzika kidevuni. Rangi ilikuwa mchezo wa Jumamosi tu, na anahitaji kulisikia hilo kutoka kwa mzazi wake.