Nilikwenda Kailo kutafuta msemaji halisi

Mwanafunzi akirudi kutoka uwandani, swali la kwanza analoulizwa hapa kitivoni ni lile lile: "Ulimpata msemaji halisi?" Anayetakiwa ni mzee, wa kijijini ikiwezekana, ambaye hakusoma sana na hajachanganya lugha. Niliporudi kutoka Kailo nami niliulizwa. Nikasema sikumpata, nikapewa alama za huruma. Ripoti yangu ilikuwa mbovu, sikatai. Lakini swali lenyewe lina kasoro, na nusura linipotezee rafiki.

Tunakaa naye chumba kimoja. Yeye ni Msongola, na shangazi yake analima mihogo na kuuza samaki kando ya Lualaba, katika teritwari ya Kailo. Mimi ni wa Bukavu. Kiswahili nilikinyonya, Mashi naisikia tu mama anapogombana na dada zake. Kutoka Kindu tulivuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, tukapanda pikipiki moja watu watatu, pamoja na mfuko wa chumvi ambao yeye alisisitiza tuubebe. Njiani tulipishana na vijana wakisukuma baiskeli zenye magunia ya kasiterite. Mwishowe tuliiacha barabara ya migodi tukashuka mtoni kwa miguu.

Nilikuwa nimeandaa orodha ya Swadesh, ile ndefu ya maneno 207. Wengi wenu mnaijua. Ndani yake mna "theluji" na "barafu", na mimi, mwanafunzi mtiifu, nikayauliza. "Mwanangu, hicho ni kitu gani?" shangazi akasema. Rafiki yangu akamweleza kwa muda, Kiswahili kikipishana na Kisongola, na ua zima likacheka. Tukafika kwenye "samaki". Katika orodha samaki ana nafasi moja tu. Shangazi akanitazama, akaangalia beseni lililokuwa mbele yake, akauliza, "Samaki gani?" Kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja: huyu wajawazito hawamli, huyu huja maji yakipanda, huyu mkubwa ana jina moja na mtoto wake ana lingine. Mimi nilikuwa nasubiri amalize ili anipe neno moja nijaze kisanduku changu. Aliyechukua kalamu ni rafiki yangu.

Hayo majina naye hakuyajua. Nilidhani nimeletwa na mwenyeji, kumbe mwenyeji alikuwa mwanafunzi kuliko mimi. Alitoka kijijini akiwa na miaka saba. Shuleni Kindu, Kisongola kilipomponyoka, wenzake walimwita musenji, naye akaamua kisimponyoke tena. Leo anaelewa karibu kila kitu ila hujibu kwa Kiswahili. Usiku ule, tumelala mkeka mmoja, aliniambia kwamba kwa miaka mingi alitaka kumwuliza shangazi mambo yale na aliona haya, kwa kuwa mtu mzima haulizi jina la samaki wa kwao. "Ukiuliza wewe, hakuna wa kunicheka mimi." Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa kisingizio chake, na nadhani hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya Kailo.

Halafu nikaandika ripoti. Humo rafiki yangu alikuwa "mkalimani", na maneno yaliyotoka kinywani mwake niliyawekea alama: mchanganyiko, hayakutumika. Aliisoma kwenye meza yetu. "Kwa hiyo mimi sikutumika," akasema, akageukia ukutani akalala. Tulikaa wiki mbili tukisalimiana tu.

Sasa niseme jambo ambalo katika kitivo cha lugha za Kiafrika si rahisi kulisema. Tunapenda kulalamika kuhusu Kifaransa, na sababu tunazo. Lakini yule mtoto wa miaka saba hakunyamazishwa na Kifaransa. Alinyamazishwa na Kiswahili, lugha yangu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha kwanza, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lugha nyingine zinaitwa sehemu ya urithi wa utamaduni unaolindwa na Serikali. Kisongola kimo humo, kwenye hizo "nyingine".

Tena ubaguzi huu haukuanzia kwenye katiba. Kiswahili cha huku kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na ambaye hakuwa mwungwana alikuwa mshenzi: ndiye huyo huyo musenji wa shuleni Kindu. Kilipanda Lualaba pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na Kasongo ya Tippu Tip, na soko la Nyangwe ambako Livingstone alishuhudia mauaji ya Julai 1871. Kozi yetu ya historia ya Kiswahili hupita hapo kwa sentensi mbili, ikienda mbio kufika kwenye usanifishaji wa 1930. Ningependa isimame Nyangwe angalau wiki moja. Sidai tukione haya Kiswahili, maana sina kingine cha kuotea ndoto. Nadai tu kwamba anayekwenda Kailo na Kiswahili mdomoni asijione mgeni asiye na historia pale.

Huo usafi tunaoutafuta haukuwapo hata kabla ya shule za Kindu. Guthrie aliiweka Songola kwenye D24 na Enya kwenye D14, na Ombo akaipeleka kundi jingine kabisa, C76. Kwenye karatasi herufi hizo zimekaa mbalimbali. Mtoni watu wake huketi soko moja. Yuji Ankei, Mjapani aliyefanya utafiti kwa Wasongola katika miaka ya 1970, aliandika kwamba wanaoitwa kwa jina hilo hawana lugha moja, na akaeleza masoko ambako wavuvi na wakulima walibadilishana samaki na mazao bila fedha. Watu wanaobadilishana samaki kwa mihogo hubadilishana na maneno. (Baada ya kumsoma nilielewa chumvi ilikuwa ya nini. Ningemsoma kabla ya safari ningeonekana mwerevu zaidi.)

Najua jibu la walimu wetu, na lina uzito. Lugha inapungua wasemaji, wazee wanakufa, kwa hiyo kimbilia kwa mzee kwanza. Toni za Kisongola hutazipata kwa kijana aliyekulia Kindu. Kweli, na sitaki mtu aandike sarufi kwa kumsikiliza rafiki yangu. Lakini mzee akishafariki, lugha itabaki kwa nani kama si kwa hawa tunaowaandika "hayakutumika"? Daktari angemwona mgonjwa namna hiyo tungemshangaa: anachunguza babu aliyepona, anamfukuza mjukuu mwenye homa.

Kwa hiyo naomba mambo madogo. Ripoti ya uwandani iwe na ukurasa wa mwenzetu wa safari, aliouandika yeye, kwa lugha anayotaka, hata ile iliyochanganyika. Maswali mengine awe ameyapanga yeye. Rekodi zirudi kijijini kwa simu au kadi ya kumbukumbu kabla hazijatufaa sisi kupata alama. Na ile fomu yenye kisanduku cha "msemaji halisi: ndiyo / hapana" ifutwe, kwa sababu nilipoijaza niliweka "hapana" mbele ya jina la mtu aliyekaa nusu siku juani akiandika majina ya samaki wa kwao.

Alipata 38. Mimi nilijaza maneno 160 na kitu, na theluji haimo. Anayeshuka Kindu kutoka kwao hubeba ujumbe wa sauti wa shangazi kwenye simu, na jioni ananyamaza chumbani akiusikiliza mara mbili tatu. Juzi alinigeukia akaniuliza toni ya juu huandikwaje. Nikamwonyesha. Daftari ni lake, sijaliomba.