Leseni Moja, Nakala Moja

Mwandishi wa hoja ya wiki iliyopita anadai kuwa aliyenunua Windows 11 ana haki ya kuisakinisha mara mbili kwenye kompyuta hiyohiyo, moja ya kazi, nyingine ya watoto, maadamu zote zinakubali bila kudai ufunguo. Hapo amechanganya mlango ulio wazi na ruhusa ya kuingia. Zinakubali kwa sababu Microsoft inaitambua mashine, hasa madabodi yake. Mkataba wenyewe unaruhusu nakala moja tu, hata ukiigawa diski vipande viwili. Watoto wafungulie akaunti yao ndani ya nakala ileile, yatosha. Na akitaka mfumo wa pili bila kulipa, Ubuntu ipo. Aisakinishe hata mara kumi.